Faini ya Mtani

Mimi sina dogo, na sikuanzia uzeeni. Nilipokuwa mke mchanga kwenye shamba la mkonge kule Rudewa, Kilosa, nilimvua sajini wa polisi kofia mbele ya Mzungu wake na askari ishirini wenye bunduki. Watu wanalisimulia mpaka leo, wanacheka. Waache wacheke. Hawajui mwisho wake, au wanaujua ila wananionea haya.

Tulikuwa manamba, watu wa Songea tulioletwa Kilosa kukata mkonge. Nyuma ya kambi palikuwa na makaburi yetu, na hapo nilimzika mwanangu wa kwanza, aliyeishi siku tisa. Hata mwaka haujaisha, meneja akatangaza kwamba pale patalimwa mkonge na makaburi yataondoka. Yaondoke yaende wapi, hakusema. Wanaume wakaweka mapanga chini. Siku tatu halikukatwa hata jani moja.

Siku ya nne akaja Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Alikuwa Mzungu mpole, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mume wangu. Akatuamkia vizuri, akawekewa kiti pale pale makaburini. "Nimekuja tuelewane," akasema. Lakini kabla hajakaa, askari walishajipanga nyuma yake mistari miwili. Kila aliposema "tuelewane" sisi tulitazama bunduki. Mume wangu ndiye aliyechaguliwa kutusemea, na nikamsikia anaanza kujibu "ndiyo, bwana" mahali pa "hapana". Nilimkasirikia sana. Leo simkasirikii, ni nani anayeweza kujadiliana na mtu mwenye bunduki ishirini mgongoni?

Sajini alikuwa amesimama, buti lake juu ya kaburi la mwanangu. Hakujua, maana lilikuwa na mawe matatu tu. Nikampigia kelele aondoke. Akanijibu, na kwa matamshi yake nikamtambua: mtu wa Iringa! Nikawatazama na wenzake, wote wa Iringa. Bwana Shauri alitafuta askari wa mbali ili wasituonee huruma, kumbe ametuletea watani wetu.

Babu zetu na babu zao walipigana vita mpaka wakachoka, wakapatana, na utani ukatoka hapo. Mtani ukimtukana hakasiriki. Ukichukua kitu chake hagombi. Akifiwa, wewe ndiye unayemchimbia kaburi, na usipofika msibani unatozwa faini.

"Ebo! Mbwa wamekwisha Iringa, mmekuja kuwatafuta huku?" nikamwambia, maana sisi huwatania kwamba wanakula mbwa. Askari wa nyuma wakaanza kucheka chini chini. Nikamsogelea sajini, nikamvua kofia. "Unamkanyaga mwanao! Amekufa hukuja kumchimbia, leo unakuja na bunduki. Kofia hupati mpaka ulete kuku."

Yeye hakucheka. Alitazama chini, akauondoa mguu wake polepole, akainama, akachota udongo akauweka kati ya yale mawe. "Pole, mtani," akasema. "Faini yako nitaileta." Nilikuwa nimejiandaa kumtukana tena, machozi yakanitangulia.

Askari walikuwa wameshashusha bunduki bila kuamriwa. Bwana Shauri akawaangalia, akatuangalia na sisi, akasema makaburi yatabaki kwanza. Wanawake wakapiga vigelegele. Kisha, kwa upole ule ule, akaniita nimweleze nilichowaambia watu wake. Hapo ndipo nilipojitia kimbelembele. Nilikuwa nimeshinda, kichwa kimevimba. Nikamweleza utani wote, nikamhesabia kwa vidole makabila tunayotaniana nayo. "Na kina nani hamtaniani nao?" akauliza. Nikamtajia na hao. Nikamwambia watu wa kule ziwani, kaskazini, hatukuwahi kupigana nao, basi hatukuwahi hata kupatana nao. Yeye alikuwa anaandika kwenye kijitabu.

Jamani, mdomo wangu huu!

Baada ya wiki mbili akarudi na kiti chake. Askari walikuwa ishirini wengine, watu wa ziwani. Yule sajini wa Iringa hakuwamo. Tulisikia ameachishwa kazi. "Nimekuja tuelewane," Bwana Shauri akasema. Hata hivyo nikamwendea sajini mpya, nikamwita mtani, nikanyoosha mkono kwenye kofia yake. Akanipiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Simchukii, kwake nilikuwa mwanamke asiyemjua anayemnyang'anya kofia. Mume wangu akaniinua, damu yangu mkononi mwake, akamgeukia Bwana Shauri akasema, "Ndiyo, bwana." Trekta likaingia makaburini siku ile ile.

Mume wangu hakunilaumu hata siku moja mpaka anakufa. Afadhali angenilaumu.

Mkonge ulikuwa umefika magotini siku niliyosikia hodi mlangoni. Alikuwa yule sajini wa Iringa, hana sare, miguu imejaa vumbi la njia kutoka stesheni, kuku kwapani.

"Nimeleta faini, mtani."

Nilimpokea kuku, nikampa maji. Nikaitoa kofia yake ukutani nilipoitundika, akaikataa kwa mkono. "Kaa nayo. Sina kazi nayo tena," akasema. "Nipeleke kwa mtoto nikamsalimie, halafu niende zangu."

Hakuwa na habari. Nilishindwa kumwambia pale mlangoni, nikatangulia, naye akanifuata mpaka tulipoingia kwenye mkonge. Mistari yote ilikuwa sawasawa. Nikaenda mbele, nikarudi, nikahesabu mistari kutoka kwenye ukingo wa kambi, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Yeye alikuwa amesimama ananingoja, udongo tayari kiganjani.

"Ni hapa?" akauliza.

Nikamwambia sijui.