Shikamoo Iliyotangulia Hatari

Mvua ile ilianza asubuhi, na kabla ya saa sita mchana mfereji unaotenganisha nyumba yangu na ya jirani yangu, juu kidogo ya bonde la Nyabugogo, ulikuwa umefurika na kufunika daraja la mbao. Kutoka barazani kwangu niliona ukuta wa mawe nyuma ya nyumba yake umetokeza tumbo. Ndani alikuwamo yeye, bibi mjane aliyekulia Bujumbura, na mjukuu wake mchanga.

Nilipiga kelele, mvua ikazimeza. Nilipiga simu, haikupita, maana mtaa mzima ulikuwa ukipiga. Nikakumbuka ninachowaeleza majirani kila tukimaliza umuganda, kazi yetu ya pamoja ya kila mwezi: laini zikizidiwa, ujumbe mfupi hupenya pale sauti isipopenya. Nikaandika:

"Shikamoo mama. Natumaini mmeamka salama na mtoto hajambo. Poleni na mvua. Tafadhali tokeni sasa hivi, ukuta wa nyuma unaanguka."

Jibu lilikuja upesi.

"Marahaba mwanangu. Tuko wazima, Mungu asifiwe. Na kwako?"

Ndipo nikaikumbuka simu yake: ni ya vitufe, kioo chake kidogo kama kiberiti. Huonyesha mistari michache ya mwanzo. Mingine mpaka ubonyeze kushuka. Alikuwa amesoma salamu, akaridhika, akaishia hapo. Mimi ninayewafundisha wengine nilikuwa nimeifukia hatari chini ya adabu niliyotoka nayo Tanzania.

Nikaandika: "TOKA. UKUTA."

Hakujibu. Nikiwa bado nakodolea simu macho, ukuta ulilala juu ya paa lake taratibu, kama mtu aliyechoka, bila mshindo nilioweza kuusikia.

Maji yalipopungua nilivuka. Nikamkuta kwenye kibaraza cha duka ng'ambo ya barabara, mjukuu mgongoni, amekasirika.

"Weye! Unaniandikia kama unafukuza mbuzi? Hata salamu hakuna?"

"Mama, uliusoma ujumbe?"

"Niliusoma! Nikasema, huyu mtoto wa Tanzania asiposalimu, iko kitu. Nikabeba mtoto. Hata viatu sikuvaa, angalia!"

Niliitazama miguu yake, kisha, ng'ambo ya barabara, mawe yaliyolibomoa paa juu ya kitanda chao. Nikampa lile neno nililomnyima.

"Shikamoo mama."

Aliyageukia mawe yale, akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane, hakuweza kuitikia.