Taa ya Gari la Po-hsun

Fundi Jung-kui wa mji wa Hualien, kisiwani Taiwan, alikuwa hodari, hilo hata waliomchukia hawakulibisha. Ukimpelekea gari linalokohoa, alisimama pembeni akitafuna popoo, akasikiliza, akatema, akakwambia linaumwa wapi. Sasa muulize kwa nini gari moja tu, kuukuu, rangi ya maziwa, lilimtoa kijasho miaka na miaka.

Gari lenyewe lilikuwa la Po-hsun, rafiki yake tangu wakivaa kaptula za shule. Na Po-hsun hayupo. Siku ya mvua kubwa mlima uliporomoka kwenye barabara ya korongoni, ukamfunika yeye na pikipiki yake, na mpaka leo hakijaonekana hata kiatu. Alipanda pikipiki kwa sababu gari lilikuwa gereji kwa Jung-kui, giaboksi imeshushwa chini, linasubiri kipuri kutoka Taipei. Si kosa la mtu. Watu wote walimwambia hivyo Jung-kui, naye aliitikia, ndiyo, si kosa la mtu, kisha akienda kulala usingizi unamkataa.

Mama Po-hsun alikataa kuliuza gari. Kuendesha hajui, ila kuwasha injini anajua. Gari la umri ule sharti lipelekwe kupimwa moshi mara mbili kwa mwaka, na likishindwa linang'olewa namba. Hapo ndipo roho ya mama ilipokuwa inaning'inia.

"Likiwa halina namba, mwanangu atalitambuaje?" alimwambia Jung-kui. "Magari ya rangi hii yamejaa mji mzima."

"Halitang'olewa, mama. Niachie mimi."

Basi akawa analipeleka yeye. Na ndiyo yakaanza yale. Kila akilifuata, anakuta taa ya injini inawaka, ile ya njano. Anachomeka mashine ya kupimia, mashine inamtolea namba ya kosa ile ile: hewa imezidi, mafuta kidogo. Akatafuta mpira unaovuja, hakuna. Akabadilisha pampu ya mafuta, akabadilisha plagi. Kwenye sensa ya hewa kuna waya mwembamba kuliko unywele, ndio unaoiambia injini imevuta hewa kiasi gani; akaukuta una vumbi la kijivu, akausafisha, akayatukana malori ya saruji yanayopita njia ile. Taa ikazima, gari likafaulu, akalirudisha kwa mama. Hazikupita siku, taa ikawaka. Akaweka sensa mpya. Ikawaka vilevile!

"Fundi mzima unashindwa na kataa kamoja?" mkewe Su-chen alimtania wakila tambi. "Au mwenyewe amelifuata gari lake?"

Alisema kwa mzaha tu, maskini, hakujua amegusa wapi. Jung-kui aliweka vijiti chini. Tangu siku hiyo aliogopa kuliendesha lile gari peke yake. Kiti kilikuwa bado kimesogezwa nyuma kwa ajili ya miguu mirefu ya Po-hsun, na Jung-kui, mfupi kama kinu, aliendesha kwa ncha za vidole vya miguu badala ya kukivuta mbele. Kioo cha ndani alikikwepa kabisa. Akifumba macho anaiona namba ya kosa, na nyuma ya namba anamwona Po-hsun amesimama mlangoni pa gereji, amelowa, anauliza kama gari liko tayari. Alichokitaka Jung-kui duniani ni kimoja: mtu yule aondoke, amwache apumue.

Mwishowe akaamua kwenda kulitazama gari mahali linapolala. Hakutoa taarifa. Ikasadifu ni siku ya mwezi mpevu, siku ya kuwachomea wafu pesa za bandia ziwafikie huko waliko.

Alikuta gari uani, injini inanguruma. Juu ya boneti pamewekwa bakuli la wali na paja la kuku. Mbele kabisa, puani mwa gari, pipa la bati linawaka moto, na Mama Po-hsun anatupia ndani zile pesa za karatasi, bunda baada ya bunda, anaongea kwa sauti ya chini kama anamlisha mtoto. Majivu yalipanda, yakazunguka, yakashuka, na gari likayavuta.

"Mama, injini ya nini?"

"Asikie. Mngurumo huu anaujua toka kona ile."

"Basi pipa liweke nyuma."

"We Kui! Mgeni unampokea kwa uso au kwa makalio?"

Jung-kui alizima injini, akaondoa bakuli, akafungua boneti. Kifuniko cha boksi la chujio la hewa kilikuwa na ufa upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki mpaka ukipapase. Majivu yalipita hapo, yakalikwepa chujio, yakatua kwenye waya. Kumbe! Alicheka mpaka machozi yakamtoka, mama akadhani amepandwa na wazimu. Hakumweleza chochote, ungemwambiaje mama kwamba sadaka yake inalikaba gari? Akaenda kununua kifuniko kipya, akakifunga, akausafisha waya. Usiku ule alilala fofofo, akakoroma mpaka Su-chen akahamia sebuleni.

Hali ikawa shwari, mpaka siku Mama Po-hsun alipoingia gereji kwa miguu, nywele zinachuruzika mvua.

"Umemfanya nini?"

"Nani, mama?"

"Nimemchomea, nikamchomea tena, hajajibu. Nikichoma huwa anaiwasha taa. Ukiizima wewe, anaiwasha yeye. Ndivyo ninavyojua amepokea. Sasa kimya! Umemfungia nje mwanangu, Kui?"

Jung-kui alifumbua kinywa. Majivu, ufa, waya. Maneno matatu tu na mambo yamekwisha. Akamtazama mama, akaona angemzika Po-hsun mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake.

"Twende nyumbani," alisema.

Kifuniko kibovu hakuwa amekitupa. Fundi hatupi kitu. Alikirudisha mahali pake mwenyewe, ufa chini, akakaza skrubu. Kabla ya kila kipimo atausafisha waya, kama zamani. Mama akachoma, injini inanguruma, wakasubiri mpaka pipa likapoa.

Siku chache baadaye mama akampigia simu asubuhi. "Njoo uliwashe wewe. Mimi naogopa."

Jung-kui aliketi, akazungusha ufunguo. Taa zote ziliwaka, zikazima. Ya njano ikabaki.

"Amepokea!" Mama Po-hsun alipiga makofi, akalia na kucheka kwa pamoja. "Mwanangu huyo, yupo!"

Jung-kui alijua ni majivu. Katika kisiwa kizima hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye. Lakini alitamani mno, ghafla, kama mwenye njaa, iwe ni Po-hsun.

"Haya, zima sasa, mafuta yanaisha," mama alisema, akipangusa macho. "Tukanywe chai."

Mkono wa Jung-kui ulikuwa juu ya ufunguo.

"Bado, mama," alisema. "Niache naye kidogo."