Mashine Chini ya Meza ya Kukatia

Jina la Bi Futi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi wake wa ushonaji, kwa sababu kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyewahi kumwona bila futi ya kupimia shingoni, hata msibani. Vidole vilipoanza kukakamaa akashindwa kushika sindano, aliuza vyerehani viwili, cha tatu akakifunika shuka, akaanza kufikiria michoro yake. Ilikuwa mia mbili na kumi, yote ya kukatia nguo, yote ameibuni mwenyewe: kola, mikono, sketi, magauni ya wajawazito.

"Nikifa nayo utakuwa uchoyo," alimwambia binti yake. "Nataka niitoe bure. Fundi yeyote, popote alipo, aichukue aitumie."

Huyo binti alikuwa wa pekee, na mumewe alikuwa mwalimu wa kompyuta. Tovuti ya kwanza waliiweka kwenye kampuni inayokodisha nafasi mtandaoni. Kampuni ikafunga milango bila kwaheri, kurasa zote zikaenda na maji. Bi Futi akasema basi, safari hii itakaa nyumbani kwangu. Akanunua kompyuta kuukuu, akaisukuma chini ya meza ya kukatia, pale palipokuwa na kapu la vipande vya vitambaa.

Ikabaki kuchagua programu ya seva, yaani ile inayokaa ndani ya kompyuta ikipokea wageni wa tovuti na kuwapa kurasa wanazozitaka. Wengi wa umri wake wangemwachia mkwe. Yeye alisoma. Mwezi mzima, kila asubuhi baada ya chai, miwani puani na penseli mkononi. Akabakiwa na tatu. Ya kwanza ilikuwa kongwe na kubwa, inafanya kila kitu, ila mipangilio yake imetawanyika kwenye mafaili chungu nzima. Ya pili ilitengenezwa kwa ajili ya wageni maelfu kwa maelfu. Ya tatu ilikuwa ndogo, na mipangilio yake yote ilienea nusu ukurasa.

"Nimechagua hii ndogo," akamwambia mkwe. "Wageni wangu ni mafundi mia moja hivi kwa siku. Na hii nikiisoma naielewa."

Mkwe alicheka kicheko cha adabu, kiganja mdomoni. "Mama, hiyo ni ya kuchezea. Tuweke ile kubwa. Nitaitunza mwenyewe, wewe hutagusa kitu."

"Lakini mimi nataka kugusa."

"Jamani, Mama," binti akadakia, "mwachie mwenye kazi yake. Kwani yeye anakufundisha kushona?"

Bi Futi akakubali. Ikawekwa kubwa.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya raha. Kwenye tovuti palikuwa na kitufe kilichoandikwa "Mwandikie Fundi", na mafundi waliandika kweli. Mmoja anauliza mkono wa puto unakatwaje kwenye kitambaa kizito, mwingine analeta picha ya gauni la bibi harusi, mwingine anataka tu kushukuru. Bi Futi alijibu kila barua kwa kidole kimoja, polepole, kama anayetoa uzi kwenye pindo. Kisha barua zikapungua. Kisha kimya.

"Watu ndivyo walivyo, Mama," mkwe alimwambia. "Wakishachota, wanaondoka."

Akaamini. Akajiona amepitwa na wakati, akaanza kupitisha siku nzima bila kuigusa kompyuta.

Mwezi wa tisa alipigiwa simu na fundi wa suruali, rafiki wa siku nyingi aliyehamia mbali.

"Shikamoo Bi Futi. Kumbe umestaafu kabisa, hata hujatuaga?"

"Marahaba. Nani kasema nimestaafu?"

"Si nilibonyeza pale pa kukuandikia, nikapelekwa kwenye tovuti ya chuo cha bwana mmoja? Anasema michoro kaibuni yeye. Mimi nikashangaa, maana ni ile ile, hadi lile kosa la sketi namba arobaini."

Bi Futi alikaa. Kwenye sketi ile aliwahi kuandika saba mahali pa kumi na saba, akasahihisha baada ya wiki moja. Kosa lile lilikuwa lake peke yake, na ndani ya wiki hiyo aliyekuwa akiipanga michoro ile kwenye kompyuta alikuwa mtu mmoja tu, mkwe wake.

Hakuwa na mtaalamu wa kumwita isipokuwa huyo huyo. Basi akachapisha mipangilio yote ya ile programu kubwa, karatasi arobaini na sita, akazitandaza mezani. Akaweka rula chini ya kila mstari, kama alivyokuwa akikagua vipimo vya wanafunzi. Asichokielewa alikitafuta kwenye mwongozo. Siku ya tatu akafika karatasi ya thelathini na nane, rula ikagoma kusogea.

Ndani ya mashine yake mlikuwa na tovuti ya pili. Jina lake jingine, lakini michoro yake ilikuwa nakala ya folda yake yeye, iliyochukuliwa kabla sketi ile haijasahihishwa. Chini yake palikuwa na mstari mmoja mfupi: kila atakayebonyeza "Mwandikie Fundi" apelekwe huko. Hata ile programu ndogo ingeweza kubeba tovuti mbili, lakini katika nusu ukurasa angeziona zote siku hiyo hiyo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Yeye aliyeshona nguo maisha yake yote hakukagua pindo hilo.

Akaifungua ile tovuti. Jina la mkwe lilikuwa juu, kwa herufi kubwa: mbunifu na mkuu wa chuo. Chini, picha ya mikono ikipima kitambaa. Gumba la kushoto lilikuwa na kovu la mkasi. Kovu lile Bi Futi alilifunga kwa kitambaa mwenyewe, binti yake akiwa na miaka sita, akilia.

Jumapili walipokuja kula, aliwawekea karatasi ile mbele ya sahani.

Mkwe aliisoma. "Mama, tulikuwa tunaikuza. Jina la chuo linavuta watu zaidi."

"Sikuulizi wewe," Bi Futi alisema. Akamgeukia binti. "Ulijua?"

Binti alitazama mikono yake. "Tangu mwanzo," akasema. Kisha, kwa sauti ya juu kidogo: "Mama, wewe ulikuwa unaigawa bure! Kila mtu achukue. Sisi tu ndio tusichukue?"

"Mngeichukua. Mlichukua na jina langu. Na barua zangu mkazificha, nikakaa humu nikidhani watu wamenisahau."

Chakula kilipoa. Walipoondoka hakuwasindikiza hata mlangoni.

Kesho yake aliing'oa programu kubwa, akaanza kuweka ndogo. Ilimchukua siku tisa. Mara mbili kompyuta ilikataa katakata, na mara moja alilia kwa hasira. Mwishowe mistari kumi na moja ikakaa sawa, na hakuna hata mmoja ambao asingeweza kuueleza. Jioni hiyo hiyo binti alipiga simu.

"Mama, tovuti yetu haifunguki."

"Yangu inafunguka," akajibu, akakata.

Barua zilirudi, moja moja. Alizijibu, ila furaha ya mwanzo haikurudi nazo. Kila jina geni alilitilia shaka kwanza. Mkwe hajakanyaga tena. Binti anakuja kila mwezi, wanaongea habari za majirani na za maradhi ya vidole. Bi Futi akitaka kuandika nenosiri, binti hugeukia dirishani mwenyewe, kabla hajaambiwa, na Bi Futi hamwambii kwamba hapana haja.