Saluti Niliyopigiwa Kaburini Chole

Ukiingia makaburi ya mjini hapa Chole, utaona safu ya makaburi manne yaliyopigwa lipu nyeupe, kingo zimenyooka kama uzi. Hao ni askari wa Mdachi waliokuwa na nishani. Lipu hiyo ni yangu. Mvua ngapi zimepita, na haijabanduka hata kipande cha ukucha. Huko Kirongwe nimeona makaburi ya watu wakubwa yana nyufa za kupitisha mkono. Fundi wake simtaji, lakini yu hai na anajijua.

Mimi nilivuka kuja kisiwani kutoka Mrima na shuka moja, tena ya kuazima. Chuo cha Kurani nilikaa mpaka mwalimu akachoka yeye, na herufi hizi nimezipata ukubwani, kwa hiyo ukiona mstari umepanda mlima, vumilia. Nilibeba matumbawe, nikachoma chokaa, nikashika mwiko, na leo nalala katika nyumba ya mawe niliyoijenga kwa mikono hii. Wenye nasaba zao za Maskati wananiita fundi. Lakini liko jambo ambalo mwenye nasaba hata mmoja hajalipata, nami nimelipata: nimepigiwa saluti na Mzungu wa boma, mbele ya watu, mimi nikiwa nimesimama ndani ya kaburi.

Katika wale wanne, wa mwisho kuzikwa alikuwa shaushi mmoja, yaani sajini wa boma, Mnyamwezi, mrefu, akitembea utadhani anapigiwa ngoma. Nishani aliipatia bara vitani, na kila aliposimulia, maadui waliongezeka. Mimi ni Mzaramo. Basi Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Matusi kati yetu ni halali, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Tena mmoja akifa, mwenzake ana kazi msibani: avae vitu vya marehemu, amwige, ashuke kaburini azuie maziko mpaka apewe kitu. Bila hivyo mtu kazikwa kama mkiwa.

Kila akipita kwenye tanuri langu la chokaa ilikuwa vita.

"We Mzaramo, umejipaka chokaa, au umeshakufa hujaambiwa?"

"Mpagazi we! Kichwa kimekosa mzigo, sasa umetundika bati kifuani!"

Alipokufa mjomba wangu, shaushi alishuka kaburini na kofia ya mjomba, akakohoa kikohozi chake kile kile, akajilaza. Hakutoka mpaka jogoo wangu mwekundu aliposhikwa akapewa.

Homa ikamchukua kwa siku tatu tu. Asubuhi ya maziko mkewe, mtoto wa hapa hapa Mafia, akaniita nyuma ya nyumba, macho yamevimba.

"Shemeji, Chole hii ina Wazaramo wangapi?"

"Mmoja. Lakini anatosha."

"Usinichekeshe, nitaonekana mwehu. Mwenzangu aliniusia: asizikwe bila utani. Chukua." Akanipa tarbushi la marehemu na ile nishani, imefungwa kwenye leso.

"Na Mzungu je? Si anakuja na bunduki zake za heshima?"

"Anakuja alasiri. Wewe maliza mapema."

Jeneza lilipofika makaburini nilikuwa nimeshashuka, tarbushi kichwani, nishani kifuani, mwiko wangu begani kama bunduki. Kaburi lilinifika kifuani.

"Simama hapo!" nikafoka kwa sauti ya shaushi. "Nani amekufa? Mimi sifi bila ruhusa ya boma! Rudisheni kitanda hicho mkale wali!"

Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Hata maalim alijifunika uso kwa kilemba, na mabega yake yakawa yanatikisika. Halafu kicheko kikakatika, kuanzia nyuma kuja mbele. Nikageuka. Bwana Mkubwa wa boma alikuwa amesimama nyuma yangu na askari sita, kaja kabla ya saa yake, uso mwekundu kama kaa aliyetoka chunguni.

"Huyu ni nani?"

"Fundi chokaa, Bwana," akajibu karani wake.

"Kwa nini amevaa nishani ya Kaisari?"

Karani yule ni mtu wa Tanga, utani anaujua kama anavyolijua jina lake. Akasema: "Sijui, Bwana." Nimemsamehe, lakini sijamjengea hata choo mpaka leo.

"Hamsa ishirini," akasema Mzungu. "Hapa hapa."

Viboko ishirini na tano. Maumivu yenyewe yangepoa. Nililoliogopa ni kulazwa kifudifudi mbele ya wale wanaoniita fundi. Miaka yote ya kubeba mawe ingeishia pale, na tangu siku hiyo ningekuwa yule aliyechapwa makaburini. Ningeweza kutoka nikaomba radhi. Lakini mtani akitoka bila kupewa kitu, kayaharibu maziko, na yule mwanamke alikuwa kaniamini. Nikabaki shimoni, mwiko begani.

Ombasha mmoja, koplo wao, akatumwa anitoe. Akachuchumaa ukingoni, akaninong'oneza: "Toka, mla dagaa we, utatuletea balaa."

"Nipe kitu nitoke."

"Nikupe nini? Nina bunduki tu, nayo si yangu."

Akasimama. "Bwana, hatoki."

"Mvuteni!"

Hakuna aliyesogea. Ombasha akasema: "Bwana, watano kati yetu hapa ni Wanyamwezi. Mzaramo ni huyu mmoja tu kisiwani. Tukimchapa leo, siku yetu ikifika atatuzika nani?"

Mzungu akaitazama safu yake. Askari wote wakawa wanakagua vidole vyao vya miguu.

"Anataka nini?"

"Chochote, Bwana."

"Apewe jogoo!" mtu akapaza sauti.

Hapo ningesema ndiyo, mambo yakaisha. Lakini mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa. "Jogoo nilimtoa mimi kwa mjomba wangu," nikasema. "Huyu alikuwa mtu wa serikali. Nataka saluti."

Maalim akasema innalillahi. Nadhani alinisomea mimi.

Ombasha akasema polepole: "Bwana, si ulikuja kumpigia saluti marehemu? Nishani yake ile pale."

Mzungu akaikazia macho nishani. Mimi hakunitazama, lakini nishani ilikuwa kifuani pa nani? Akapiga visigino, akapeleka mkono kofiani. Nami nikamrudishia kwa mwiko. Nikatoka, nikaivua nishani nikampa ombasha airudishe kwa mjane. Shaushi akazikwa, bunduki zikalia mara tatu, na popo wote wa Chole wakaruka mchana kweupe.

Kesho yake nikaitwa bomani. Nikavaa kanzu tatu, moja juu ya nyingine, kwa sababu ambayo mtu mwenye mgongo ataielewa. Mzungu akanizunguka mara moja.

"Tangu jana umenenepa."

"Ni wali wa matanga, Bwana."

Akaniamuru niyapige lipu makaburi yote manne, na nishani ya Kaisari nisiivae tena maisha yangu. Nikaitikia vyote viwili. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Mimi nikifa hapa, nani atashuka kaburini?"

"Mtani hachaguliwi, Bwana. Kwenu jirani yenu mnayetukanana naye ni nani?"

Akafikiri. "Mwingereza."

"Basi ndiye huyo."

Akacheka peke yake mpaka karani akachungulia. Nami nikarudi nyumbani jasho linatiririka, mgongo mzima. Mke wangu akauliza za nini kanzu tatu na jua hili. Nikamwambia bomani kulikuwa na baridi.