Kigelegele Baada ya Baruti

Kucha zake kwenye bati: kwaru, kwaru, kwaru. Mlio wa bastola yenyewe nimeshausahau, ila ule mkwaruzo bado ninao masikioni. Mbwa wetu jike, mwekundu kama tofali, alikuwa ameruka kutoka katikati ya uwanja akaenda kujichimbia nyuma ya mabati yaliyoegemezwa ukutani, na huko alikuwa anatafuta njia ya kuzama ardhini kama angeipata.

"Basi," alisema mwalimu, akiishusha bastola. "Huyu hana masikio ya kazi."

Mwalimu ndiye mwenye uwanja, hapa Pongwe. Zamani alilinda mashamba ya mkonge akiwa na mbwa. Sasa anawafundisha kwa ajili ya mashindano ya ulinzi, yale ambayo mbwa anakamata mkono uliovikwa gunia, anauachia akiambiwa, na bastola ikilia karibu yake anatulia kana kwamba mtu amefunga mlango. Mimi nimeishia darasa la saba. Kazi yangu kuosha mabakuli, kushika kamba na, nikimaliza, kuota ndoto. Nyumbani mama amenifungia kamba yangu peke yangu ya kuanikia nguo za kazini, zenye mate ya mbwa, mbali na kanga zake za kuswalia, na hatujawahi kugombana.

Siku hiyo tulikuwa tunachagua bastola. Ni zile za kuanzishia mbio; hazitoi risasi, mdomo umezibwa, ni mlio na moshi tu. Mwenye duka la vifaa vya michezo mjini alitupa mbili tujaribu, kubwa na ndogo, tumrudishie moja, na kituo cha polisi tulishawapa taarifa. Mwalimu aliipenda kubwa, na ndiyo aliyoanza nayo. Nzito, nyeusi, inajaa kiganja.

"Mashindanoni hawapigi fataki za watoto," alisema.

Kwangu mimi kilichokuwa kinachaguliwa ni kingine. Mfuga kuku mmoja wa Muheza alikuwa anamtaka yule mwekundu akamfunge mnyororo mlangoni mwa banda. Asiyevumilia mlio hakai hapa, mwalimu alishaniambia asubuhi ile, kesho anachukuliwa. Na mimi nilikuwa nimeshamwona, kwa haya macho yangu ya ndoto, akikimbia kwenye majani mabichi ya ugenini, watu wakisimama kumpigia makofi. Hata mimi nilijiona pale, nimevaa raba nyeupe.

"Jaribu na ndogo, mwalimu. Tafadhali. Mara moja tu."

"Wewe binti, unambembelezea mbwa utadhani mchumba!"

"Afadhali yeye, hajui kudanganya."

Akacheka. Alipocheka nilijua nimepata nusu.

Nilimtoa kule kwenye mabati, nikapiga goti, nikamshika. Moyo wake ulikuwa unanigonga kwenye paja. Jua lilikuwa limeinama juu ya mkonge, na milima ya upande wa Amani imekuwa ya buluu nyepesi, kama kitu kilichochorwa kikafutwa kwa kidole. Mwalimu akaenda mbali, mpaka kwenye minazi ya mwisho, akainua mkono juu.

Ta! Kavu, fupi, kama kijiti kikivunjika. Mbwa akajikunja. Nikahisi kamba inaniponyoka. Hapo hapo, nyuma ya ua wa makuti, kikapasuka kigelegele kirefu cha bibi jirani yetu, na wakaza wana wake wakakidakia.

"Mwezi huo! Mwezi umeandama!"

Ilikuwa mwishoni mwa Shaabani, watu wote shingo juu wakiungojea mwezi wa Ramadhani, na bibi, ndiyo kwanza ametoka nje, alidhani mlio ule ni wa kuutangaza.

"Shikamoo, bibi!" mwalimu akapaza sauti. "Siyo mwezi, ni mbwa!"

"Marahaba! Mbwa? Kamwandama nani?"

"Hajamwandama mtu! Tunamjaribu kwa bastola!"

"Lo! Na mie nishatoa simu nimpigie mwanangu wa Mkwaja!"

"Mama nawe," mmoja wa wakaza wana akasema kwa kicheko, "mwezi gani unaandama na jua lile pale?"

Nikatazama chini. Mbwa alikuwa amesimama. Masikio yote mawili juu, uso kwenye ua, mkia unapepea polepole. Alikuwa amesahau kuogopa.

"Bibi," niliita, "utatupigia tena?"

"Ntapiga. Ila mnyama wako asisogee, mie nna udhu wangu."

Ta, kigelegele. Ta, kigelegele. Kila mara mwalimu alisogea kidogo. Mwishoni alikuwa karibu nasi kabisa, na mbwa, baruti ikilia tu, anageukia ua kwa furaha, kama mgeni wa harusi aliyesikia sahani zinagongana. Mwalimu akavaa gunia mkononi, akanipa bastola nipige mimi. Nikafumba macho, nikapiga. Nilipofumbua, mbwa ameng'ang'ania gunia, mkia juu.

"Kubwa inarudi dukani," alisema mwalimu akihema. Akatoa simu, akamwambia mfuga kuku asije. Nilimkumbatia mbwa mpaka akapiga chafya.

"Usifurahi sana. Bibi hatutakwenda naye mashindanoni. Kuanzia kesho kigelegele ni chako, tutakipunguza kidogo kidogo mpaka azoee bila hicho. Unaweza?"

"Naweza," nilisema.

Siwezi. Kwenye harusi ya binamu yangu nilijaribu, dada mmoja akanigeukia: "Shoga, unashangilia au unasukutua?"

Mwalimu alipokwenda kufungia bastola kabatini, nilizunguka nyuma ya tangi la maji, mahali mkonge unapoanzia. Nikatazama kulia na kushoto. Nikaweka kiganja mdomoni, nikauchezesha ulimi. Ukatoka upepo na mate. Nikajifuta kwa kanga, nikaanza tena.