Mahindi ya Mama Zaina mu Nyumba Yangu

Admin, jina yangu ibakie kwako, na mengine nimebadirisha. Niko mwanamuke wa myaka makumi tatu na nane, mama ya batoto bane. Tunaikala mu komini ya Annexe, kando ya muji, upande wa barabara ya Kinsevere. Niko Mukatolika wa kuzaliwa. Nkambo, ni kusema babu wetu, alitokaka Manono, alikuyaka huku juu ya kazi ya reli. Bwana yangu anaimba mu kwaya. Siandike juu nataka munililie. Naandika juu siwezi tena kuikala ku meza moya na bwana yangu.

Jirani wetu, Mama Zaina, iko Muislamu wa kule Beni. Bantu ba kichaka balikata ndugu zake bote mu shamba, njo yeye na bwana yake balikimbia mpaka hapa, Zaina iko ku mugongo. Mushike ile neno vizuri: vita njo ilibaleta. Lupango yao na yetu, ni kusema viwanja ya nyumba, zinagusana, na shamba yao iko kule nyuma ya zile lupango.

Siku nilizalaka Joël, balinipasula, kidonda ikaoza, nikalala ku lopitalo nusu mufu. Maziba ya kopo mutoto alikuwa anaitapika yote. Mama Zaina alikuwa ananyonyesha wake wa pili. Akakuya, akasema: "Leta mutoto." Mama mukwe akaanza kuvuta maneno: "Lakini mama, weye uko Muislamu..." Akamujibu: "Mama, mutoto analia. Munipe kwanza, tutaongea kisha." Akamunyonyesha mpaka nilipona. Akatuambia: "Kwetu, mutoto nilimunyonyesha iko wangu. Yeye na Zaina beko ndugu, habataoana milele." Bwana yangu alipiga magoti mbele yake, akalia. Niliona na macho yangu.

Toka ile siku tulikuwa jamaa. Siku ya Idi tunakula pilao kwao. Siku ya Noeli tunapeleka kuku kwa Baba Zaina aichinje yeye mwenyewe, kusudi tukule wote.

Kisha habari ya vita ya Mashariki, kule Beni, ikazidi. Video zikaanza kupita mu ma telefone, bantu baliuawa mu kanisa, maiti zinapangwa chini, na bale bauaji banajiita Baislamu. Mu kikundi yetu ya sala mama moya akasema: "Na siye hapa tunafuga nyoka mu mutaa yetu." Nikamujibu: "Ndugu za ule mama balikatwa na bale bale bauaji! Unamuita nyoka?" Bakarudia ku sala. Bwana yangu naye alikuwa pale, anaangalia biatu yake.

Haikupita mingi, asubui moya bantu ba usalama bakakuya kukamata Baba Zaina. Bakasema muntu wa karibu alibaambia kama anaficha bageni bapiganaji ba kichaka. Bale bageni balikuwa batoto ya dada yake, bakimbizi, miye mwenyewe nilibapikiaka bukari ya unga ya mahindi! Mama Zaina analia ku lupango, na bwana yangu njo wa kwanza kukimbia. Akamushika mukono: "Dada yangu, usilie, nitamufuata miye." Akamupelekea Baba Zaina chakula kule alifungwa. Balipomuachilia, majirani bakaanza kutupa majiwe ku manjanja, mabati ya nyumba yao. Bakahamia kwa ndugu moya ya Baba Zaina upande wa Luano.

Sasa musikie. Chef wa avenue, mukubwa wa mutaa yetu, alikuya kwetu mangaribi, anakunywa munkoyo na bwana yangu inje. Miye niko ku dirisha, nachambula maharagi. Namusikia anacheka: "Baba Joël, ile neno uliniletea juu ya ule jirani, tuliitumikisha muzuri. Shamba unaweza kuvuna, hakuna mwenye atakuuliza."

Maharagi ikaanguka chini yote. Alipoenda, nikamuuliza bwana yangu: njo weye? Hakukatala. "Bale si bantu betu," anasema. Nikamuambia: "Na Joël? Si ule mama alimunyonyesha?" Akanijibu: "Ile maziba ilishaisha mu damu."

Ile Jumapili akaimba mu misa. Wakati ya kupeana amani, akanyoosha mukono kwa bantu bote, anachekelea. Ile mukono!

Kisha akaleta mufuko ya mahindi mabichi ya Mama Zaina. "Pika." Nilikatala. Mama yake akapika, batoto bakakula, nyumba yote ikanukia, na miye nikaenda kuikala inje nyuma ya choo mpaka bamalize. Toka pale nalala na batoto.

Mama Zaina hajue kitu. Ananipigia: "Mutoto yangu iko? Anakula?" Juzi akaniambia: "Dada, unishukurie bwana yako. Njo muntu moya tu alibakia na siye. Jumapili mulete Joël, nitapika. Baba Zaina anataka kumuachia bwana yako funguo ya nyumba, atuchungie."

Baba Zaina alimupigia bwana yangu pia. Bwana yangu anafurahi, anasema Mungu njo anapanga. Na alishanionya: "Ukifungua kinywa, ule muntu atakamatwa tena, na safari hii hatatoka." Nilienda kwa padri, akaniambia nisali, nichunge ndoa.

Nikisema, naweza kurudisha Baba Zaina ku gereza. Nikinyamaza, nitaikala ku mukeka ya ule mama, pembeni ya bwana yangu, nikule chakula yake, niangalie vile Baba Zaina anamupatia mwenye alimuuza funguo, na kumushukuru.

Musiniambie habari ya kuvumilia juu ya batoto, juu mutoto moya iko wa Mama Zaina pia. Bandugu na badada, Jumapili inafika. Mungekuwa miye, mungefanya nini?