Moshi wa Meko Chini ya Ndege

Nakumbuka alasiri moja huko ughaibuni, katika soko la Naif, mwanangu, nilipomgongesha rubani wa ndege za mabomu kwenye rundo la masanduku ya safari, na mwenye duka akacheka mpaka akakaa chini.

Rubani huyo alikuwa mzee wangu Fransisi, Mgoa mzaliwa wa Mombasa. Ujanani alipelekwa India kusoma, akaishia kurusha ndege za vita za nchi hiyo. Uzeeni alikaa mtaa wa Deira, karibu na soko hilo, kwa binti yake, niliyemwita Madam, na kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpa dawa na kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Wauguzi wenye vyeti walikuwapo, lakini mzee alikuwa na kiu ya Kiswahili, na Kiswahili cha Tanga ninacho. Kisomo changu kiliishia darasa la tano.

Niliacha shule kwa sababu wazazi wetu walifariki wakifuatana, na mtoto wa kwanza nilikuwa mimi. Nikawalea wadogo zangu Hamisi na Zuhura, na sijutii hata siku moja. Mkubwa ni jalala, walisema wahenga. Ila jalala nalo, likizoea kupokea kila kitu, huanza kudhani mtaa mzima ni wake.

Asubuhi ya siku hiyo Hamisi alinipigia simu kutoka nyumbani. Zuhura ameletewa posa. Mimi, kaka mkubwa, ndiye walii wake, na bila kauli yangu hakuna ndoa. Nikauliza huyo mwanamume anafanya kazi gani.

"Mpishi wa shughuli, kaka. Harusi, maulidi, matanga, yeye ndiye huitwa."

"Mpishi! Mtu wa kuzunguka na masufuria ya watu? Khalas. Mwambieni hapana."

"Lakini kaka, hujamwona."

"Nimeshasema!"

Nyuma ya sauti ya Hamisi nilimsikia Zuhura akilia. Nikakata simu. Mzee Fransisi alikuwa pembeni na kikombe chake cha chai. Alisikia yote.

Alasiri tukaenda Naif kununua mablanketi, kwa kuwa Madam alitarajia wageni. Nikayafunga nyuma ya kiti, rundo likanipita kichwa. Mbele sikuona kitu. Mzee akafurahi kama mtoto wa sikukuu.

"Haya! Mimi ni macho, weye ni usukani. Kushoto husemwa mara mbili, kulia mara moja, ili hata injini zikinguruma usikosee. Yalla, twende!"

Tukaingia kwenye msongamano. "Kushoto kushoto... shika hivyo hivyo... kulia... shika!" Wapagazi wakatupisha huku wakishangilia. Tulikwenda vizuri ajabu, mpaka tulipofika kwenye kona ninayoipita kila siku. "Kushoto kushoto!" akasema. Nikajiambia, huyu mzee kachanganyikiwa, njia yetu ni kulia. Nikakata kulia, na masanduku yakatuporomokea.

"Weye!" sauti ikatoka chini ya sanduku la rangi ya waridi. "Vita vizima havikuniua, wataka nife kwa masanduku?"

Hakuumia. Mwenye duka alipomaliza kucheka akatuletea chai ya karaki, ile nzito ya maziwa na iliki, tukakaa palepale.

"Kwa nini hukunisikiliza?" akaniuliza.

"Njia naijua, mzee."

"Waijua ya jana. Ya leo nilikuwa naiona mimi."

Kisha akanisimulia. Katika mafunzo, mwalimu wake alimfunika kitambaa asione nje ya ndege, atazame mishale ya vipimo peke yake. Mwili ukamdanganya. Ndege imenyooka, yeye anahisi imelala ubavu. Akatapika kwenye kofia yake mwenyewe, na mwalimu akamwambia, "Kofia ni yako, ukishuka uivae." Alicheka, nami nikacheka hadi chai ikanipalia.

"Hiyo yafundishwa ili rubani asijiamini kupita kiasi," akasema. "Sasa sikia ya vita. Ndegeni tulikuwa wawili. Mimi ndiye mkubwa, kwa umri na kwa cheo. Lakini tukikaribia shabaha, mwenzangu, kijana mdogo, alitambaa mpaka kwenye pua ya ndege akalala kifudifudi mbele ya kioo. Yeye ndiye aliyeona ardhi ya chini. Mimi niliona mawingu. Kuanzia hapo alisema kushoto, nikaenda kushoto.

"Alfajiri moja tulitumwa kupiga uwanja wa ndege wa adui. Nishafungua milango ya mabomu. Kijana akasema, 'Bwana, usiendelee. Huu si uwanja, ni kijiji. Naona moshi wa meko.' Nilikasirika! Nina amri, nina cheo, na huyu mtoto anikataza? Lakini nikageuza. Ndege ilipolala ubavu nikaona kwa macho yangu. Mbuzi. Nguo zimeanikwa kambani. Mwanamke ameinama mekoni."

Akaweka kikombe chini. Kisha akanigeukia.

"Huyo mpishi wa dada yako, umemwona?"

"Sijamwona."

"Nani amemwona?"

Nikatoa simu, mwanangu. Nikampigia Hamisi palepale, katikati ya masanduku. "Hamisi, mdogo wangu, wewe ndiye unayeona chini. Niambie unaona nini."

Akauliza mara mbili kama ni mimi kweli, hakuzoea kuulizwa. Kisha akasema, "Kaka, mwaka ule tulipougua homa wote wawili, huyu ndiye aliyetuletea uji kila asubuhi. Hatukukwambia ili usiache kazi ukarudi. Zuhura hakumpenda kwa pilau. Alimpenda kwa uji."

Nikaikubali posa. Sikuwa na likizo, basi siku ya ndoa nikampa Hamisi uwakili kwa simu ili amwoze Zuhura kwa niaba yangu. Shehe akataka aisikie sauti yangu mwenyewe, nikatamka. Mzee Fransisi, kando yangu, akashindwa kujizuia. "Shika hivyo hivyo!" akapiga kelele, na nikasikia ukumbi mzima nyumbani ukiangua kicheko. Kisha ukazuka mtafaruku, bwana harusi haonekani. Walimkuta uani, kanzu imekunjwa mikono, anaonja pilau ya harusi yake na kumgombeza aliyezidisha chumvi.

Nilipopata likizo nikaenda nyumbani. Asubuhi ya kwanza niliamshwa na moshi. Nikachungulia dirishani, Zuhura ameinama mekoni na mumewe anampepelea moto, wanacheka jambo nisilolijua. Nikamkumbuka yule mwanamke wa kijijini. Nikashukuru.

Basi, mwanangu, ukiwa mkubwa wa wenzio, usiuachie usukani. Ni wako. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Walio karibu na ardhi waulize kabla hujaamua, hata kama uliwafundisha wewe kutembea. Wakikwambia geuza, geuza, hasira zako utazimaliza ukishatua.

Mungu akupe wadogo wenye ujasiri wa kukwambia ukweli, akupe sikio la kuwasikia, na kila uendako ukute moshi wa meko ya watu wako unapanda kwa amani.